Pua ya Mbwa na Jicho la Mpelelezi

Katika mpaka wa Kobero, mahali ambapo barabara itokayo Kabanga upande wa Tanzania huingia Burundi na kuelekea Muyinga, Karuzi na hatimaye Gitega, hupita karibu kila kitu ambacho mwananchi hukihitaji nyumbani kwake: saruji, petroli, mbolea, mitungi ya gesi, betri za tochi, vitabu vya shule. Malori hutoka bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na utingo aliyelala juu ya shehena huamka hapo akiwa amefunikwa na vumbi la mikoa mingi. Vitu hivyo vyote ni vya amani. Hata hivyo, betri, mbolea, mtungi wa gesi na hata kitabu vimekwisha kuwekwa mezani mbele ya wapelelezi, kila kimoja kwa wakati wake, kama vielelezo katika mashauri ya milipuko iliyoua watu.

Mlipuko ni uhalifu wa namna ya peke yake. Mwizi huacha dirisha limevunjwa. Mwuaji wa kisu huacha kisu. Lakini anayelipua huamini kwamba moto utakula kila kitu, ikiwa ni pamoja na jina lake. Imani hiyo ni potofu, na jinsi inavyopotoka ndiyo habari ya ukurasa huu.

Swali la kwanza analojiuliza mpelelezi afikapo mahali penye maafa si "Nani amefanya?" bali ni "Je, kuna aliyefanya?" Milipuko mingi inayoua watu katika Afrika Mashariki haikupangwa na mtu. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu mjini Morogoro, katika barabara hiyo hiyo inayoleta shehena Kobero. Watu walikimbilia na madumu kuchota petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Hapo hapakuwa na bomu. Palikuwa na petroli, umaskini na cheche.

Gesi ya kupikia nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka chini na kutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, ikajaa chini ya vitanda na makabati. Kwa asili haina harufu inayotambulika kwa urahisi. Ile harufu kali inayofanana na kitu kilichooza hutiwa kiwandani kwa makusudi, ili mama wa nyumba aijue kabla hajawasha kiberiti. Gesi inapolipuka ndani ya chumba, husukuma kuta zote kwa pamoja kuelekea nje. Paa huinuka, milango hung'oka, lakini aghalabu sakafu hubaki nzima. Bomu la baruti kali hufanya kinyume. Huchimba shimo pale lilipokuwa, hukata chuma kana kwamba ni karatasi, na kadiri unavyokwenda mbali na shimo ndivyo uharibifu unavyopungua. Kwa hiyo, mpelelezi mzoefu husimama kwanza pembeni, mikono mifukoni, akitazama. Anatafuta shimo. Anatazama kuta zimelalia upande gani. Wananchi wanaomwona hivyo hudhani kwamba anapoteza wakati.

MBWA WATATU, SI MMOJA

Kisha huletwa mbwa. Hapa inafaa kusahihisha dhana iliyoenea sana, kwamba mbwa wa polisi ni mmoja na kazi yake ni moja. La hasha. Yupo mbwa wa kunusa vilipuzi, ambaye amefundishwa harufu za baruti za aina mbalimbali. Yupo mbwa wa kufuata nyayo, ambaye hupewa harufu ya mtu na kuifuata ardhini. Na yupo mbwa wa kutafuta watu chini ya kifusi. Kumtaka mmoja afanye kazi ya mwingine ni sawa na kumtaka seremala akushonee kanzu kwa kuwa naye hutumia kipimo.

Pua ya mbwa ni jambo la ajabu kweli. Binadamu anakadiriwa kuwa na chembe za kunusia zipatazo milioni tano au sita. Mbwa, kufuatana na aina yake, huwa na zaidi ya milioni mia moja, na wengine zaidi ya milioni mia mbili. Mtu akiingia jikoni hunusa mchuzi. Mbwa hunusa kitunguu peke yake, nyanya peke yake, kuni, na mkono wa aliyekoroga. Ndiyo maana kuificha baruti ndani ya kahawa, samaki au sabuni hakumpotezi mbwa aliyefundishwa vyema: kwake harufu hizo hazichanganyiki, hukaa kando kando.

Mafunzo yenyewe hayana uchawi wowote. Mbwa huzoeshwa kwamba kila anapoipata harufu fulani hupewa zawadi, ama mpira wa kuchezea ama chakula. Kwake yeye baruti ni mpira wake uliopotea. Anapoipata hafundishwi kubweka wala kuparua, kwa sababu kuparua kunaweza kulipua. Hufundishwa kuketi tu, akatulia, akamtazama askari wake. Kitendo hicho cha kuketi ndicho taarifa yake nzima. Hachoki kwa miguu bali kwa pua: baada ya muda mfupi wa kunusa kwa bidii, hasa katika joto, huhitaji kupumzika na kunywa maji, na askari asiyejua hilo ataambiwa na mbwa wake mambo yasiyokuwapo.

Wazungu wa kwanza kuunda kikosi rasmi cha mbwa wa polisi mjini walikuwa Wabelgiji, katika mji wa Ghent, mwaka 1899. Na mbwa wa Kibelgiji aitwaye Malinois, jina litokanalo na mji wa Malines, mpaka leo ni miongoni mwa wanaotumiwa zaidi na polisi duniani. Wabelgiji hao hao ndio waliokuja baadaye kuitawala Burundi. Kwa upande wa vilipuzi, siku inayokumbukwa mno ni tarehe 7 Machi, 1972, katika uwanja wa ndege wa Kennedy mjini New York. Mtu alipiga simu kudai fedha, akisema kwamba kuna bomu ndani ya ndege ya shirika la TWA. Ndege ilirudi, abiria wakateremshwa, na jike wa aina ya mbwa mchungaji wa Kijerumani, jina lake Brandy, akaingizwa ndani. Alifika penye mkoba mmoja, akaketi. Mpelelezi William Schmitt wa kikosi cha mabomu aliuchukua mkoba ule na kulitegua bomu zikiwa zimebaki dakika chache. Hapo mbwa na mpelelezi walifanya kazi moja kwa zamu, na hakufa mtu.

Lakini Brandy alifika kabla ya mlipuko. Mbwa anayefika baada ya mlipuko ana kazi ngumu zaidi. Hewa yote inanuka baruti, kuni, plastiki iliyoungua na damu. Kazi yake ya kwanza katika hali hiyo si kumtafuta mhalifu, bali ni kuhakikisha kwamba hakuna bomu la pili, lile linalotegwa ili liwaue waokoaji na watazamaji. Baada ya hapo ndipo mpelelezi huingia na ufagio wake mdogo, chekecheke na mifuko.

YALIYOSEMWA NA MAJAJI

Mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa na hadhari juu ya mbwa tangu zamani. Mwaka 1967, katika shauri la Omondi lililosikilizwa nchini Kenya, majaji walitoa onyo ambalo mpaka leo hutajwa katika mahakama za Kenya na Uganda. Ushahidi wa mwenendo wa mbwa, walieleza, upokewe kwa tahadhari, na ukishapokewa upimwe kwa uangalifu mkubwa. Kwanza mahakama iulize mbwa huyo amefundishwaje, na ni mara ngapi amepatia au amekosea. Kusema tu kwamba "amefundishwa vizuri" hakutoshi.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mbwa haapi. Haulizwi maswali na wakili. Anayezungumza mahakamani ni askari wake, naye anaeleza alivyomwelewa mnyama. Mbwa wa nyayo akisimama mlangoni pa mtu, huenda mtu huyo ni mhalifu. Huenda pia alikuwa miongoni mwa majirani waliofika mahali pa tukio kusaidia, wakakanyaga pale pale, wakarudi nyumbani na harufu ile ile miguuni. Huko vijijini, sehemu mbalimbali za ukanda huu, umati hauingojei mahakama: mbwa akisimama, mawe huanza kurushwa. Katika hali kama hiyo mbwa hana kosa lolote. Kosa ni la watu wanaoigeuza ishara kuwa hukumu. Kwa mpelelezi, mbwa akiketi ni mwanzo wa kazi; kwa umati ni mwisho wake, na tofauti hiyo imekwisha kugharimu maisha ya watu.

KITABU CHA OYSTER BAY

Kazi ya mpelelezi ionekane kwa mfano. Asubuhi ya tarehe 3 Februari, 1969, Dkt. Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Msumbiji, alichukua barua zake katika ofisi ya chama mjini Dar es Salaam, akaenda nazo katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, ambako alizoea kufanya kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua hizo kilikuwamo kifurushi chenye kitabu cha mwanafalsafa wa Kirusi, Plekhanov, kilichotafsiriwa katika Kifaransa. Alikifungua. Ndani yake palikuwa na bomu, nalo lilimwua papo hapo.

Mji ulijaa uvumi siku hiyo hiyo. Wapo waliowataja Wareno, wapo waliowanong'ona wenzake ndani ya chama, ambacho wakati huo kilikuwa na mifarakano mikubwa. Wengine waliyataja mataifa makubwa. Uvumi ulikuwa na majina mengi, lakini haukuwa na kitu cha kushikwa mkononi. Mkuu wa upelelezi wa makosa ya jinai wa Tanzania, Geoffrey Sawaya, pamoja na maafisa wake waliamua kuanza na kile kilichobaki mezani na sakafuni. Vipande viliokotwa kimoja kimoja. Vifurushi vingine vya namna hiyo hiyo, vilivyokusudiwa viongozi wengine wa FRELIMO, navyo vilijulikana, hivyo wapelelezi wakapata kuelewa jinsi bomu lilivyoundwa.

Ndani ya bomu kama hilo kulikuwa na betri, kwa kuwa bomu la kitabu huhitaji umeme kidogo wa kuliwasha jalada linapofunuliwa. Betri ni kitu kidogo, cha bei ndogo, kisichotiliwa maanani. Lakini betri hutengenezwa kiwandani, na kiwanda huweka alama, na alama huwa na daftari. Kwa msaada wa polisi wa kimataifa, Interpol, iligunduliwa kwamba betri hizo zilitengenezwa Japani, katika mji wa Osaka, na kwamba ziliuzwa na duka la Lourenço Marques, mji ambao sasa unaitwa Maputo na ambao wakati ule ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kireno. Habari hizo zilitangazwa na gazeti la Uingereza, The Observer, mwezi Februari 1972. Uvumi wote wa Dar es Salaam ulikuwa haujaweza kwa miaka mitatu kufanya kile kilichofanywa na betri moja, yaani kuonyesha bomu lilikotoka.

Haina maana kwamba shauri lilikwisha. Jinsi kifurushi kilivyopenya mpaka kikafika katika barua za Rais wa FRELIMO, na ni mikono ya nani iliyokipitisha, ni jambo ambalo wanahistoria bado wanalibishania. Hakuna mtu aliyepata kushtakiwa na kuhukumiwa kwa kifo hicho. Mpelelezi anaweza kuijua njia ya kitu tangu kiwandani mpaka dukani, na bado asimfikie mtu aliyekibeba.

FUNGUO JUU YA DIRISHA

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, 1998, yapata saa nne na nusu ya asubuhi, mabomu mawili yaliyopakiwa katika magari yalilipuka kwa tofauti ya dakika chache katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Wakenya wakiwa wengi kupita kiasi, na waliojeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu. Dar es Salaam walikufa watu 11. Gari la maji lililokuwa langoni mwa ubalozi wa Dar es Salaam lilipokea sehemu kubwa ya kishindo.

Liko jambo moja la Nairobi ambalo kila kaya yapasa ilijue. Kabla ya mlipuko mkubwa kulitokea kishindo kidogo, kwani mmoja wa washambuliaji alimrushia mlinzi guruneti la kushtua baada ya mlinzi huyo kukataa kufungua kizuizi. Watu waliokuwa katika maghorofa ya jirani wakasikia, na kama ilivyo desturi ya binadamu, wakasogea madirishani kutazama. Muda mfupi baadaye bomu lenyewe likalipuka na vioo vyote vikaingia ndani. Wengi wa waliopoteza macho siku ile waliyapoteza kwa sababu walikuwa wamesimama nyuma ya kioo. Kishindo kikisikika, mahali pa salama ni mbali na dirisha, chini, nyuma ya ukuta. Kutazama kutafuata baadaye.

Mbwa walifika Nairobi, lakini walikuwa wale wa aina ya tatu. Kikosi cha uokoaji kutoka Israel kilikuja na mbwa wa kutafuta watu, na kazi yao ilikuwa juu ya kifusi cha jumba la Ufundi, lililoporomoka kabisa. Hao hawakutafuta mhalifu wala baruti. Walitafuta pumzi.

Wakati huo huo wapelelezi wa Kenya, Tanzania na Marekani walikuwa wakichekecha vumbi. Walijua wanachokitafuta, kwa kuwa miaka mitano kabla, tarehe 26 Februari, 1993, bomu lililopakiwa ndani ya gari lilikuwa limelipuka chini ya majumba marefu ya World Trade Center mjini New York na kuua watu sita. Humo kifusini kikapatikana kipande cha chuma cha gari chenye namba. Namba hiyo ilielekeza kwa kampuni iliyokuwa imelikodisha gari, na mmoja wa wahusika akakamatwa aliporudi kwenye kampuni kudai arejeshewe amana yake! Kwa hiyo, huko Nairobi na Dar es Salaam pia, kila kipande cha bodi, spiringi na chuma kilichopinda kiliokotwa na kuandikwa. Gari la Nairobi lilikuwa Toyota Dyna. La Dar es Salaam lilikuwa lori la Nissan Atlas.

Lakini kielelezo kilichogusa moyo zaidi hakikutoka kifusini. Mshambuliaji aliyerusha guruneti, Mohamed Rashed Daoud Al-Owhali, alikuwa amekusudiwa kufa ndani ya gari, ila alikimbia, akajeruhiwa, akaenda hospitali kama majeruhi wengine. Humo ndani, chooni, akaziacha funguo na risasi alizokuwa nazo mfukoni. Mfanyakazi wa usafi alizikuta. Angeweza kuzitupa pamoja na takataka, kwa maana siku ile hospitali zote za Nairobi zilikuwa zimefurika damu na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuhoji risasi tatu na kifungo cha funguo. Hakuzitupa. Al-Owhali alikamatwa tarehe 12 Agosti, na vitu vile vilifika mahakamani New York.

Mwenzake, Mohamed Sadeek Odeh, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Karachi siku ile ile ya milipuko. Katika mkoba wake nguo zilipimwa, na wakemia wakakuta chembe za baruti ya aina ya TNT na PETN. Inafaa kutua hapa kidogo. Chombo cha maabara kilifanya kazi ile ile ifanywayo na mbwa, yaani kutambua chembe isiyoonekana. Tofauti ni kwamba mkemia anaweza kusimama kizimbani akaulizwa, akaonyesha karatasi yake, na mkemia wa upande wa pili akapima upya.

Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alikimbilia Cape Town, akaomba hifadhi kwa jina la uongo, akawa anafanya kazi katika mgahawa. Alipatikana mwezi Oktoba 1999 kwa njia ambayo mwandishi wa hadithi angeona haya kuitumia: ofisa wa Marekani alikuwa akipekua mafaili ya waomba hifadhi akimtafuta mtu mwingine, akaiona sura yake katika picha. Alisafirishwa haraka hadi New York. Haraka hiyo nayo ikahukumiwa: mwezi Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba kumkabidhi bila kupewa ahadi kwamba hatanyongwa kulikuwa kinyume cha sheria. Mwaka huo huo yeye, Al-Owhali, Odeh na mtu wa nne, Wadih el-Hage, walihukumiwa kifungo cha maisha. Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mzanzibari, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwezi Januari 2011.

SIMU ILIYOKATAA KULIPUKA

Burundi iliingia katika habari za namna hii kwa mlango wa Somalia, ambako wanajeshi wake walianza kupelekwa mwishoni mwa mwaka 2007 kulinda amani wakiwa bega kwa bega na Waganda. Tarehe 17 Septemba, 2009, magari yaliyotegwa mabomu yaliingia katika makao makuu ya kikosi hicho mjini Mogadishu, na naibu kamanda, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi, akawa miongoni mwa waliouawa. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Julai, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yaliwaua zaidi ya watu 70 mjini Kampala, katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mgahawa mmoja wa Kihabeshi. Kundi la Al-Shabaab lilijigamba kwamba ndilo lililofanya, na likaitaja Burundi pamoja na Uganda.

Upelelezi wa Kampala ulifunguliwa na kitu ambacho hakikulipuka. Katika jumba la dansi la Makindye kulikutwa mkoba wenye fulana ya mabomu, uliotelekezwa na mtu ambaye hakuthubutu. Pamoja na vilipuzi palikuwa na simu ya mkononi. Simu ni betri ya Mondlane ya zama hizi, tena ina daftari kubwa zaidi: iliunganishwa na simu nyingine, na hiyo na nyingine, mpaka wapelelezi wakapata mtandao wa watu katika nchi kadhaa. Mwezi Mei 2016 Issa Ahmed Luyima na wenzake kadhaa walihukumiwa; mahakama hiyo hiyo iliwaachia huru wengine ambao ushahidi haukuwafikia. Mwendesha mashtaka aliyelishughulikia shauri hilo, Joan Kagezi, hakuiona hukumu. Alipigwa risasi na kuuawa mwezi Machi 2015.

NYUMBANI NA NJIANI

Msomaji wa Kobero, Muyinga au Gitega anaweza kuuliza: haya yote yananihusu nini, mimi nisiye polisi? Yanamhusu kwa kuwa anayefika kwanza penye mlipuko karibu kila mara ni jirani, si askari. Majeruhi wahudumiwe kwanza, hilo halina mjadala. Maisha yana haki kuliko ushahidi. Lakini wakishaondolewa, watu wasibaki wamezunguka kama kwenye ngoma. Pasifagiliwe, pasimwagwe maji, na mtu asiokote chuma kama kumbukumbu. Nguo za majeruhi zisifuliwe wala kuchomwa. Zitiwe katika mfuko zingoje polisi. Na yule aliyesikia akumbuke sawasawa alichosikia: kishindo kimoja au viwili, moshi mweupe au mweusi, harufu ya gesi kabla au baruti baada. Asiongeze aliyosimuliwa na wengine.

Mbwa wa polisi akiletwa, aachiwe njia. Asiitwe, asipigiwe mluzi, asitupiwe chakula, na watoto wasimkimbilie. Akiketi, basi ameketi. Wenye kujua maana yake ni askari wake na mpelelezi.

Njiani, hasa mpakani, kifurushi cha mtu asiyejulikana kisibebwe kwa ajili ya nauli kidogo wala kwa kumwonea mtu haya. Dereva au utingo akiulizwa "Hiki ni cha nani?" na asiwe na jibu, hata mbwa mwema kuliko wote hatamwokoa na maswali yatakayofuata.

Jikoni, harufu ya gesi ikisikika, mlango na madirisha yafunguliwe, mtungi ufungwe, na taa isiwashwe wala kuzimwa, kwa kuwa swichi nayo hutoa cheche.

Na kuna maguruneti. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha silaha nyingi mikononi mwa raia wa Burundi, na si zote zilizokusanywa. Chuma kikionekana shambani wakati wa kulima, jembe liwekwe chini pole pole, watu warudi nyuma kwa kufuata nyayo zao wenyewe. Mtu mzima mmoja abaki mbali, awazuie watoto na mifugo. Mwingine aende polisi. Mtoto akija nacho mkononi, asikemewe kwa kelele, kwa maana atakitupa. Aambiwe kwa sauti ya kawaida akiweke chini taratibu, kisha aje kwa mama yake.